Zamu ya Alhamisi

Gonja, 12 Mei 2024

Babu Eliufoo, shikamoo.

Utashangaa mwandiko usioufahamu. Mimi ni Irine, binti wa Daudi, yule mtoto ambaye kaka yako Hezroni alimwacha tumboni mwa Bibi Dorkas. Namba ya simu ya binti yako Ummy niliipata kwa shida, naye akaniambia simu huisikii tena, ila barua unaisoma mpaka nukta ya mwisho. Basi nimenunua karatasi.

Huku tupo wazima. Masika yalizidi mwaka huu: tangawizi imeozea ardhini na mpunga wa bondeni, Maore, umelala chini. Baba yupo Same mjini na duka lake la vifaa vya ujenzi. Bibi Dorkas ametimiza sabini na saba. Miguu inamsumbua, ulimi haujambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa, na saa za jioni ni katibu wa kamati ya ndiva, kazi isiyo na asante.

Nililokuandikia ni hili. Ndiva ya juu, bwawa lile walilolichimba babu zako, ilipasuka ukingo mwezi wa Aprili. Usiku maji hayakusanyiki tena, na asubuhi mwenye zamu hana cha kufungulia shamba lake. Mradi umetupa saruji, nguvu ni zetu. Mzee Clemence, mwenyekiti wetu, anapuliza pembe ya msaragambo kila Jumatatu jioni, na Jumanne kijiji kizima kinabeba mawe. Kamati imekubaliana kuweka jiwe lenye jina la Babu Hezroni, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa huku aliyekufa katika vita vya kuikomboa Msumbiji.

Tunaomba kwako mambo matatu: tarehe, jina la pigano, na mahali alipozikwa. Barua uliyomwandikia Bibi mwaka 1970 bado anayo. Inasema "amekufa vitani kishujaa", basi.

Mjukuu wako,
Irine Daudi


Newala, 9 Juni 2024

Mjukuu wangu Irine, marahaba.

Ummy amekuambia kweli. Sikio la kulia lilikufa zamani, la kushoto linasikia kama mtu aliye nyuma ya mlango. Macho bado ninayo, namshukuru Mungu. Mke wangu Mwanaidi alifariki miaka mitatu iliyopita. Niliacha kazi ya uganga kwenye zahanati mwaka 2003, na tangu hapo nasoma, napalilia mikorosho kumi na sita, na asubuhi natembea mpaka ukingoni, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana lote mpaka ng'ambo.

Mwandiko wako umeniletea harufu ya moshi wa kuni mbichi na ukungu wa Gonja. Naweza kukueleza njia ya kutoka nyumbani hadi ndivani jiwe kwa jiwe, ingawa pengine mawe yenyewe hayapo tena. Msalimie shemeji Dorkas kwa heshima zote. Msalimie na Clemence. Nilimwacha akiwa bado anaiba miwa.

Kuhusu jiwe, naishukuru kamati, lakini nawaomba msiliweke. Ndiva zetu hazikuwa na majina ya watu. Kama ni lazima, liwekeni jina la ukoo.

Jambo moja la ujenzi, kwa kuwa umesema ni saruji. Angalieni mlango wa kutolea maji. Msiufanye mzito kwa hofu ya kuvuja. Uwe mlango ambao mtu mmoja, akiwa peke yake, anaweza kuuvuta.

Babu yako,
Eliufoo


Gonja, 1 Julai 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako ilikaa posta ya Same siku tisa kabla Baba hajaiona. Nimemsomea Bibi uani, mbele ya mzee Clemence aliyekuja kuchungulia kama kuna chai. Aliposikia habari za miwa alisema, "Huyo Eliufoo ndiye alikuwa anashika panga, mimi nilikuwa napokea tu."

Bibi hakucheka. Alisema, "Hajasema kitu. Shemeji yangu huyu tangu ujana ukimuuliza kama amekula, anakueleza habari za kuni."

Mzee Clemence akasema kama hutaki jiwe, uje ulikatae mwenyewe mbele ya msaragambo, siyo kwa posta.

Babu, Bibi amenisimulia jambo ambalo hata Baba hakulijua. Kumbe Babu Hezroni hakwenda kupigana. Wewe ndiye uliyetangulia, ukiwa mganga mwanafunzi Mtwara, ukavuka na wapigania uhuru bila kuaga. Baba yenu ndiye aliyemtuma kaka yako akurudishe. Alimwambia Bibi, "Nitarudi na huyo mtoto kabla mahindi hayajakauka." Bibi anasema mahindi ya mwaka ule aliyavuna peke yake, na tumbo mbele.

Hataki tarehe wala jina la pigano, hayo ni ya kamati. Yeye ana swali moja, na amenifanya nilirudie mara mbili ili nisikosee: "Muulize alikufa akifanya nini."

Irine


Newala, 4 Agosti 2024

Mjukuu wangu, marahaba.

Mikorosho imeanza kutoa maua na upepo ni mwema. Mjukuu wangu wa hapa, mtoto wa Ummy, amefaulu kwenda kidato cha tano. Ila mgongo wangu ulinilaza wiki mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Umeuliza habari za vita. Wanafunzi wako wazijue kwa mpangilio. Vilianza Septemba 1964, kituo cha Wareno kiliposhambuliwa huko Chai na watu wachache wenye bunduki chache zaidi. Miaka minne ya kwanza ilikuwa ya kuvizia barabarani, kutega mabomu na kukimbia. Kufika 1968 sehemu kubwa ya misitu ya Umakonde ilikuwa mikononi mwetu, na watu walilima humo, wakafungua shule chini ya miti na zahanati za nyasi kama yangu.

Pigano kubwa kuliko yote lilikuja Julai 1970. Wareno walileta makumi ya maelfu ya askari, mizinga, na ndege za kila aina, wakakusudia kumaliza kila kitu kabla ya mvua. Waliziteka kambi zetu tatu kubwa. Lakini walizikuta karibu tupu. Watu walikwisha kugawanyika vikundi vikundi na kutoweka msituni. Walishinda viwanja, hawakushinda vita. Wapiganaji walihamishia nguvu magharibi, huko Tete, na Wareno wakajikuta wana moto nyumba nzima. Agosti 1974 ngome yao ya Omar, karibu na Ruvuma, ilijisalimisha. Mwaka uliofuata, Juni, bendera mpya ikapanda.

Hezroni alikufa katika Julai ile. Andikeni "Julai 1970", inatosha.

Eliufoo


Gonja, 25 Agosti 2024

Babu, shikamoo.

Bibi alilazwa hospitali juma zima kwa homa ya mapafu. Amerudi, anakaa juani kwenye mkeka, amepungua. Ukingo wa ndiva umefika kifuani.

Barua yako nimeisomea darasa la saba. Wameipenda, wameuliza Tete iko wapi, wamechora ramani. Lakini nimehesabu mistari, Babu. Vita vina mistari ishirini na zaidi. Babu Hezroni ana mmoja.

Nilipomaliza kumsomea Bibi, akasema, "Angekuwa amekufa vizuri, shemeji angeshasimulia." Halafu akasema nisikuulize tena, umri wako na wake hauruhusu kusumbuana. Yeye ameacha kuuliza. Mimi sijaacha. Alilala hospitali akiita jina la mume wake, na asubuhi alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemficha.

Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie yeye. Nitasoma bila kupunguza.

Irine


Newala, 13 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Irine, na wewe shemeji Dorkas unayesikiliza.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nilizitia motoni. Habari za nyumbani leo sina.

Ni kweli, alikuja kunirudisha. Alinikuta katika kituo kidogo kisichomo katika kitabu chochote, mwendo wa siku moja kutoka Ruvuma, nina majeruhi kumi na wawili na dawa za kutosha watatu. Alikaa siku mbili akinigombeza. Siku ya tatu alivua shati akaanza kuchimba handaki, kwa sababu yeye alikuwa mwashi na aliona yale yaliyokuwepo yangetufukia. Kila mwezi alisema, "Mwezi ujao tunaondoka." Nami kila mwezi nilikuwa na mgonjwa mmoja zaidi.

Kule juu hakuna mto. Maji yako chini mabondeni. Wanawake walishuka alfajiri na kurudi jua likiwa limekomaa, na nusu ya maji yao niliyamwaga kuoshea vidonda. Niliona aibu. Kisha nikaona kijichemchemi begani mwa bonde, karibu kabisa na kituo, kinatoa maji kidogo kama mkojo wa mtoto, usiku na mchana, na yote yanapotelea kwenye mchanga. Mtu yeyote wa mahali pengine angekipita. Mpare hawezi. Nikasema watu hawa wanahangaika kwa kuwa hawajui ndiva.

Hezroni alikataa. Alisema, "Eliufoo, huku siyo Gonja. Kwetu maji yakilala yanatazamwa na nyota. Huku kuna ndege." Nikamwambia tutafunika kwa matawi. Akakataa tena. Nikaita msaragambo mwenyewe, nikawaeleza watu maana yake, wakacheka, wakaja. Nilianza kujenga, na nilijenga vibaya. Kaka yangu alinitazama siku moja, akashindwa kuvumilia, akanipokonya jembe.

Aliijenga vizuri. Mlango aliukata katika gogo, nami nikamwambia auongeze unene usije ukavuja. Akasema huo ni mlango wa watu wawili. Nikamwambia tuko wawili.

Tulifunika, na mwezi wa Juni maji yalitosha kila mtu. Wanawake waliimba jina langu. Nilipenda, sifichi.

Matawi yakaoza. Maji yakanuka, majeruhi wakaanza kuhara. Mimi ndiye mganga, mimi ndiye niliyeamuru matawi yote yatolewe, ndiva ipumue siku moja, yawekwe mapya kesho yake. Ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Julai 1970. Asubuhi ile haikuwa na ukungu.

Ndege moja ndogo ya kupeleleza ilipita. Ikarudi. Ikazunguka juu ya ndiva yetu kama mtu aliyeokota kioo njiani. Tulijua zilizo kubwa zinafuata. Watu waliingia mahandakini. Hezroni yeye alikimbilia chini ndivani, maana maji yakitoka kabla ndege hazijafika, huenda wasingeona mahali pa kupiga. Honorata na dada yake Beatha, waliokuwa wakichota, walibaki wakamsaidia kukorogea matope ndani ili maji yasing'ae.

Mlango haukutoka. Aliniita. Aliniita kwa Kipare, siyo kwa Kiswahili, ili asigeuke mtu mwingine. "Mdogo wangu, njoo tuvute!" Nilikuwa mdomoni mwa handaki, hatua kama themanini kutoka kwake. Nilimwona vizuri, maji yakiwa kiunoni. Akaita mara ya pili.

Sikutoka.

Aliufungua peke yake. Sijui aliufunguaje. Maji yalikuwa yameshuka mpaka magotini mwake ndege zilipofika.

Mahandaki aliyoyachimba yalishika. Watu thelathini na wanne walitoka hai, mmoja wao mimi. Mchana ule tuliwazika wote watatu kwenye ukingo, vichwa vikielekea chemchemi. Sikio langu la kulia halijasikia kitu tangu siku hiyo. Cha mwisho lilichosikia ni yeye akiniita.

Hilo siyo pigano, Irine, na halina jina. Nilipoandika kwamba amekufa vitani kishujaa, neno "kishujaa" lilikuwa kweli. Katika "vitani" ndimo nilimojificha. Na sikurudi nyumbani kwa sababu nisingeweza kupita kando ya ndiva na watu wakanipa mkono wa pole.

Shemeji, uliuliza alikufa akifanya nini. Nimekujibu, nimechelewa miaka hamsini na minne.

Jiwe mkiliweka, majina yawe matatu.

Eliufoo


Gonja, 8 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Vuli imeanza vizuri. Ukingo umekamilika, umepigwa lipu, unasubiri maji.

Nilisoma bila kupunguza, kama nilivyoahidi. Baba alikuwepo, alikuja toka Same kwa ajili hiyo. Bibi alikuwa anachambua maharage ya makande. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Soma tena pale pa mlango." Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma.

Kisha akaweka ungo chini. "Kwa hiyo alikuwa anafungua maji."

"Ndiyo, Bibi."

"Siku aliyoondoka ilikuwa Alhamisi, zamu yetu. Begi liko mlangoni, mimi namwambia basi litakuacha, yeye kaenda kufungua maji kwanza. Alirudi na matope mpaka hapa." Akajishika goti. Akalia, Babu, siyo kwa sauti, mpaka khanga ikalowa. Nikavuta ungo, nikaendelea kuchambua maharage.

Baba alitoka nje. Akapanda gari la kurudi Same bila kula. Nilidhani tumempoteza.

Jioni nilimuuliza Bibi nikuandikie nini. Nanukuu alivyosema: "Miaka yote nimemchukia Mreno ambaye sijawahi kumwona. Kumbe wa kumchukia alikuwa shemeji yangu." Nikamuuliza, sasa je? "Sasa nimezeeka. Chuki mpya inataka magoti mazima. Mwambie aje. Nitamgombeza mpaka nitosheke, halafu tutakula."

Siku sita baadaye Baba alirudi na gari la mizigo. Amechomelea mlango wa chuma dukani kwake, una mpini mrefu na ekseli ya kuzungushia. Aliufunga mwenyewe, akaniita, akasema, "Vuta." Nilivuta kwa mkono mmoja. Aliitikia kwa kichwa, akashuka zake.

Kamati ilikaa. Mzee Clemence alisoma barua yako kimoyomoyo, akavua kofia, akasema majina matatu, na anayepinga asimame. Hakusimama mtu. Kisha tukatafuta siku ya ufunguzi. Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili yetu Walutheri, Ijumaa ya Waislamu wa bondeni walioleta mchanga. Jumatatu na Jumatano ni za soko, Jumanne ya msaragambo. Clemence akasema, "Mungu ametubakizia Alhamisi." Watu wakacheka, ila Bibi alipoambiwa hakucheka. Alisema Alhamisi ndiyo yenyewe.

Zamu yetu hiyo ilikuwa inatumiwa na jirani tangu baba yenu alipofariki; wanawe wawili hawakuwepo. Jirani ameirudisha mbele ya wazee. Basi ni Alhamisi tarehe 12 Desemba, asubuhi. Maji ya kwanza utayafungua wewe. Bibi anasema usipokuja hakuna atakayegusa mpini, na maji yakae humohumo mpaka yazae vyura.

Irine


Newala, 28 Novemba 2024

Mjukuu wangu, marahaba.

Barua yako ilifika jana. Ummy ameshanikatia tiketi, mpaka Dar es Salaam, kisha mpaka Same. Ameshona mifuko miwili ndani ya koti langu na amenipa korosho za kugawa, nyingi kuliko watu ninaowakumbuka. Anafikiri sitaweza safari. Nimemwambia nimeshaifanya mara nyingi nikiwa nimekaa ukingoni hapa.

Leo alfajiri nilikwenda ukingoni kumuaga Hezroni. Ng'ambo kulikuwa na ukungu. Nilisimama mpaka ukaondoka.

Mwambie Daudi asije kunipokea stendi ya Same kama haoni sawa. Nitapanda gari la Gonja mwenyewe, na nikishuka nitauliza njia, ingawa nimejisifu kwamba naijua. Mwambie shemeji nitafika Jumanne, ili awe na siku mbili za kunigombeza kabla ya zamu.

Mpini umesema unavutwa kwa mkono mmoja. Nitaushika kwa miwili.

Ombi langu ni moja. Asubuhi ile watu watakuwa wengi na kelele nyingi, nami huenda nikasimama mbali nisijue kwamba saa imefika. Ukiwa pale majini, Irine, uniite kwa Kipare, na uite kutoka upande wa kushoto. Ita mara moja tu. Nitakuja.

Babu yako,
Eliufoo